Chenza la Hekaluni

Nikiambiwa nisimulie hekalu, huwa nacheka kwanza. Hekalu gani mtu wa Saudia ataliona? Nilikwenda kule miaka ile mawakala wa kazi walipokuwa wakituzoa Pwani ya Kenya kama dagaa, nikaangukia jumba moja la Al-Malqa, Riyadh, na kwa muda mrefu nilichokijua cha Riyadh ni jiko, ngazi na ukuta wa jirani. Hekaluni niliingia siku moja tu, na wala si Saudia. Lakini lilinifuata mpaka Jeddah, na huko nusura linimalize.

Kazi yangu hasa ilikuwa mama wa bosi. Sisi wafanyakazi tulimwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa. Alikuwa mtu wa Jeddah, mzaliwa wa Balad, ule mtaa wa kale wa nyumba za mawe ya baharini. Mumewe alipokufa, mwanawe akamleta Riyadh, na Riyadh hakuipenda hata kidogo. "Mji hauna bahari," alikuwa akisema, "watu wake wanazungumza nini?" Alikuwa na kisukari. Asubuhi sindano, jioni sindano, na mchana kutwa mimi nyuma ya kiti chake cha magurudumu na mkoba mweusi wa dawa: kipimo, tende, pakiti za juisi. Bosi aliniambia tangu mwanzo, "Mama yangu na mkoba huu ni kitu kimoja." Hakupandisha sauti. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, bosi, na mimi watu wa namna hiyo ndio ninaowaogopa.

Yeye ndiye kafili wangu, yaani mdhamini wangu kisheria, na pasipoti yangu ilikaa kwenye sefu yake. Mkataba ulikuwa unaelekea ukingoni. Alikuwa ameniahidi kwamba tukitoka likizo atanikatia tiketi niende kumwona binti yangu, niliyemwacha hajui hata kusimama dede. Nilikuwa nikilishika lile neno lake usiku na mchana. Kila kitu nilichokifanya nilijiuliza kwanza: je, hiki kitaniharibia safari?

Likizo yenyewe ilikuwa Kuala Lumpur, Malesia. Watu wa Riyadh wengi hukimbilia kule joto likizidi, maana kuna mvua na nyama ya halali. Mimi nilikwenda na kiti, mkoba na Mama Kabira. Mji wa maghorofa ya vioo, unainua shingo mpaka inauma. Kutwa tulikuwa madukani. Madam, mke wa bosi, alikuwa na pumzi ya kununua ambayo mimi sina hata ya kuishi.

Siku hiyo bosi alibaki hotelini. Mama Kabira alichomwa sindano yake asubuhi, akagusa mkate akaurudisha, akasema chakula cha hoteli kina harufu ya sabuni. Tulipofika kwenye jengo la maduka, lifti ilikuwa imejaa. Madam akaondoa mikoba yote kwenye kiti cha mama mkwe wake, akaitundika kwenye kigari cha mtoto, akaingia na watoto. "Nyinyi kaeni hapa kwenye mgahawa," akaniambia. "Usimpeleke popote. Sichelewi." Mlango ukajifunga. Mimi nilikuwa namfunga Mama Kabira mtandio uliomteleza, sikuona nini kimekwenda na nini kimebaki.

Tukakaa. Tukakaa mpaka mhudumu wa pale akaanza kutupitia kwa macho. Mama Kabira akasema, "Nitoe nje."

"Madam amekataza, mama."

"Madam nimemzaa mimi? Maduka Riyadh yapo. Nataka kuona kitu kilichozeeka kama mimi. Yalla."

Sasa hapo nifanye nini? Nimkatalie mama wa kafili? Nikamsukuma nje. Tukapita benki, tukapita duka la simu, na katikati ya maghorofa mawili palikuwa na kichochoro. Mwisho wa kichochoro paa jekundu, pembe zake zimepinda kwenda juu, na vinyago vya samaki na majoka juu yake. Maghorofa yalilibana kila upande, ungesema yanalisukuma litoke. Mama Kabira akainua mkono. "Pale."

Mlangoni palikuwa na kibao cha Kiingereza. Kilisema hili ni hekalu la Watao, Wachina wa dini ya zamani, na kwamba lilijengwa mji ukiwa bado matope na migodi. Kiingereza changu cha shule ya sekondari kilinitosha kuelewa. Nikamwambia, "Mama, hapa ni nyumba ya masanamu. Turudi."

"Nataka kuona nguzo tu," akasema. "Nguzo hazina dini."

Ndipo mvua ikashuka. Mvua ya kule haianzi kwa rasharasha, inamwagwa. Hapakuwa na pa kujikinga isipokuwa mlango ule. Nikakivusha kiti juu ya kizingiti, magurudumu yakagonga, tukawa ndani.

Mimi ni mtoto wa Pwani, na harufu ndiyo iliyonikamata kwanza. Moshi. Darini zilining'inia koili kubwa za ubani zikiungua polepole, majivu yakidondoka sakafuni. Mbele kulikuwa na masanamu yenye ndevu ndefu nyeusi na mavazi ya dhahabu, na mbele ya masanamu meza, na juu ya meza taa za mafuta, vikombe vidogo vya chai, maua, na machenza yamepangwa mlima. Nikasisimka mwili mzima. Si kwa sababu ya ugeni. Ni kwa sababu nilikuwa nalijua sinia lile. Kwetu, nyuma ya kijiji, kulikuwa na pango la mizimu, na watu walikuwa wakipeleka pale halua, mayai na ubani, Waislamu wa kuswali swala tano wakipeleka na kisha wakikana. Bibi yangu alinishika sikio nikiwa mdogo akaniambia: cha mzimu hakiliwi, ukikila umekaribishwa na utarudi. Maneno hayo sikuwahi kuyatoa kichwani.

Mtunzaji wa hekalu alikuwa mama mmoja mtu mzima wa Kichina, mwembamba, amevaa fulana na suruali ya kawaida, anafagia majivu. Akatuona, hakushangaa, akatuletea benchi kana kwamba kila siku wanaingia Waarabu wenye baibui. Mama Kabira alikuwa akitazama nguzo. Akaipapasa moja. Akasema mawe yake yamechongwa vizuri kuliko ya nyumba ya babake. Akasema tena neno lile lile. Halafu akalisema mara nyingine, ulimi mzito, nami nikamgeukia.

Paji lake la uso lilikuwa limelowa. Mikono inatetemeka. Nikamshika vidole, baridi kabisa. Nilikuwa nazijua dalili hizo kama ninavyojua kuwasha jiko: sukari imeshuka. Nikapeleka mkono nyuma ya kiti kuchukua mkoba, mkono ukashika hewa.

Jamani. Nilipapasa tena, nikapapasa chini, kisha akilini nikakiona tena kigari cha mtoto kikiingia kwenye lifti na mikoba yote.

Simu yangu ilikuwa na laini ya Saudia, haikushika chochote kule. Nikamwambia yule mtunzaji kwa Kiingereza, "Sukari, tafadhali. Sukari yoyote. Au soda." Akatikisa kichwa. Chai yao hainywewi na sukari. Akatoa simu yake akaita gari la wagonjwa, akazungumza, akanitazama: mvua, foleni, watakawia. Duka lilikuwa kule ng'ambo ya barabara kuu, na ningemwachaje? Kichwa cha Mama Kabira kilikuwa kimeanza kulala begani.

Yule mama akaenda moja kwa moja kwenye meza ya masanamu. Akachukua chenza juu ya mlima ule, akanipa.

Nililishika mkononi, sikulimenya. Nasema kweli, sikulimenya. Niliwaza mambo mawili kwa mara moja. Nilimwaza bosi, mtu ambaye hawezi kula biskuti bila kusoma nyuma ya pakiti, akisikia mamake amelishwa sadaka ya masanamu na mfanyakazi wa Kenya. Na niliwaza sikio langu mkononi mwa bibi. "Huna ambalo halijawekwa pale?" nikauliza.

"Yote yamewekwa," akasema. "Usiogope. Wao wameshachukua chao. Kinachobaki ni cha watu."

Mama Kabira akanong'ona kitu kisichoeleweka. Nikalichana lile chenza kwa meno.

Nikamkamulia mdomoni kwanza, kisha nikamlisha kipande kimoja kimoja, namfuta kidevu kwa mtandio wangu, nasema tafuna mama, meza mama. La kwanza likaisha, yule mtunzaji akaleta la pili. Katikati ya hilo la pili macho yakarudi, akanitazama. "Hili limetoka wapi?"

"Dukani, mama."

Akaendelea kutafuna. Mtunzaji, kwa kufurahi, akaniletea na mimi la kwangu. Nilikuwa sijala tangu alfajiri, tumbo linanguruma mpaka aibu. Nikamshukuru, nikaliweka benchini kando yangu, sikuligusa. Mama Kabira alilitazama lile chenza pale benchini kwa muda. Nilidhani bado ana kizunguzungu.

Gari la wagonjwa lilipofika hawakuona mgonjwa, waliona bibi kizee anawatukana kwa Kiarabu wasimguse. Wakampima, wakaridhika, wakaondoka. Tulipokuwa tunajiandaa, mtunzaji akainama nyuma ya kiti, chini kabisa, mikono yake ikishughulika huko. Nilifikiri anafuta majivu kwenye magurudumu. Hata nilimwambia asante.

Madam alitukuta mlangoni mwa maduka tumelowa. Alinifokea kwa ajili ya kulowa tu. Mkoba mweusi ulikuwa unaning'inia kwenye kigari cha mtoto, mbele ya macho yake. Nilimtazama Mama Kabira nione kama atasema. Akasema amechoka anataka kulala. Halas, ikapita.

Haikupita. Kuanzia siku ile Mama Kabira alinyamaza. Mtu aliyekuwa akinung'unika toka asubuhi mpaka jioni, sasa anatazama mikono yake. Tulitoka Malesia tukashukia Jeddah, kwenye nyumba ya ndugu zake, na huko nako kimya. Madam akaanza: "Mama amebadilika. Mama kaingiliwa na kitu." Bosi akawa anamsomea aya za Kurani juu ya maji ya zamzam. Na mimi kila nikipita na sinia ya kahawa, maneno yanakatika.

Siku ya tatu akaomba apelekwe Balad, aione nyumba ya baba yake. Ilikuwa imefungwa, ubao wa madirisha yake umekauka na kupasuka, chini yake mtu wa Yemeni anauza mikoba. Akaitazama kutoka garini, kisha akataka kushuka. Bosi akamshika mkono, wakasimama pamoja ukutani. Madam akatoa kiti cha magurudumu kwenye buti, akakipindua kukikunjua.

Nilimsikia akivuta pumzi. Halafu akamwita mumewe kwa jina, polepole.

Chini ya kiti, kwenye chuma, palikuwa pamefungwa uzi mwekundu. Uzi wenye mafundo, fundo juu ya fundo, na katikati kijipande cha karatasi ya dhahabu.

Aliyefanya kazi Saudia ataelewa nilivyojisikia. Sisi wasichana wa Kenya tulikuwa tukionyana kwenye simu: usiweke hirizi, usiokote nywele, hata uzi wa kushonea usiuache ovyo. Wao sihri, yaani uchawi, kwao si hadithi za jioni. Ni kesi. Na mafundo ndiyo mabaya kuliko yote, kila Mwislamu anaijua ile sura ya Kurani inayowataja wanaoyapulizia. Mama kanyamaza, mama kabadilika, na sasa uzi wa mafundo chini ya kiti kinachosukumwa na nani? Nikashika mlango wa gari.

Bosi hakuugusa ule uzi. Akauliza, "Nini hiki?"

"Sijui, baba."

"Nani hukisukuma kiti hiki?"

"Mimi, baba."

"Na nani mwingine?"

Nilikuwa nimeshakumbuka yule mama wa Kichina ameinama. Lakini nikisema hivyo lazima niseme na hekalu, na nikisema hekalu nitasema na chenza. Nikinyamaza mimi ni mchawi. Nikisema, nimemlisha mama wa mtu najisi nikamdanganya imetoka dukani. Nilimwona binti yangu amesimama mlangoni mwa nyumba yetu, mkubwa, hanijui. Madam alikuwa ameshaanza kulia, anasema alijua, alisema tangu mwanzo. Bosi akatoa simu. "Nitakupeleka kwa wahusika," akasema, sauti ile ile ya chini. "Huko utajua."

Wapita njia walikuwa wanageuka. Yule Myemeni aliacha kupanga mikoba.

"Weka simu," akasema Mama Kabira.

Alikuwa ameegemea ukuta wa baba yake. Kiarabu chake cha Jeddah alikizungumza taratibu ili na mimi nielewe, nadhani. "Uzi huo umefungwa na mwanamke wa Kichina, katika nyumba ya masanamu, kule Malesia. Nilihisi anafunga, nadhani kunitakia afya. Msichana alikataa kuingia, mimi nikamwamuru. Sukari ikanishuka. Alinilisha machenza ya kwenye meza yao, nami nikala, nikijua ninachokula."

"Mama," akasema bosi, "ulikuwa mgonjwa. Hukujua."

"La kwanza sikujua. La pili nilijua." Akanionyesha kwa kidevu. "Yeye walimpa lake akaliweka kando. Tumbo lake nilikuwa nalisikia mpaka nilipokaa, na hakulila. Nikajua kwa nini. Nami nikaendelea kula, maana nilitaka kuishi. Ndiyo maana nimenyamaza. Si jini, ni aibu."

Bosi alikuwa ameinamisha uso. Mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya nyumba ya babu yake, hajui atazame wapi. Akasema, "Ni dharura, mama. Mwenye dharura hana dhambi." Kisha akamgeukia mkewe. "Mkoba ulikuwa wapi?"

Madam akafuta machozi. Hakuna aliyemrudia swali. Bosi akapiga magoti, akaukata ule uzi kwa ufunguo wa gari, akaufunga kwenye leso yake. Mimi hakuniambia samahani, wala sikuitegemea. Nilipanda nyuma nikajifunika uso kwa mtandio nikalia njia nzima, kwa hofu iliyokuwa inatoka na kwa hasira pia. Ndiyo, hasira. Siku zote zile Mama Kabira alikuwa anajua, na ameniacha nikibeba sinia mbele ya macho yao.

Tuliporudi Riyadh nikaikuta pasipoti yangu iko mezani jikoni, ndani yake tiketi. Sikujua nani ameiweka. Nilikuwa nimeishika hivyo Mama Kabira aliponiita chumbani.

"Kwa nini hukula?" akaniuliza.

"Bibi yangu alinikataza, mama. Chakula cha namna hiyo."

"Na mimi wangu alinikataza." Akanyoosha mto wake. "Mwanangu anasema sina dhambi. Shekhe naye atasema hivyo hivyo. Lakini moyo wangu hautaki kutulia, nataka nifunge siku moja, na sukari hainiruhusu. Wewe ndiye uliyenilisha. Utanifungia."

Sikubisha. Nikanuia, nikafunga siku iliyofuata, siku ya joto la kuyeyusha lami, na kazi hazikupungua hata moja. Nilipika, nilifua, nilipiga pasi kanzu za bosi koo limekauka. Jioni nikakaa kwenye kistuli jikoni na glasi ya maji na tende, nasubiri adhana.

Mlango ukasukumwa. Mama Kabira, ambaye hakuwahi kukanyaga jikoni mle, alikuwa amejisukuma mwenyewe kwenye kiti chake, anahema, na mapajani ana chenza. Adhana ilipoanza akaisogeza tende yangu kando. Akalimenya lile chenza kwa vidole vyake vilivyopinda, akatoa kipande, akanisogezea mdomoni.

"Kula," akasema. "Nataka nikuone ukila."